Ngazi Iliyoachwa Pentecost: Historia ya Mruko wa Kamba na Woga wa Kimo

Mruko wa kamba, ambao wengi katika Afrika Mashariki huuita banji, ni mchezo ambamo mtu hufungwa kamba ya mpira miguuni au kiunoni, kisha hujitupa kutoka darajani, mnarani au ukingoni mwa korongo, akaanguka mpaka kamba imshike na kumrudisha juu mara kadhaa kabla hajatulia. Kwa sura yake ya kibiashara mchezo huu hauna umri mkubwa, kwa kuwa kituo chake cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa New Zealand mwaka 1988. Ila desturi iliyouzaa, ambayo ni ya wanaume wa kisiwa cha Pentecost katika Bahari ya Pasifiki, ni ya zamani kiasi kwamba wenyewe huieleza kwa hekaya badala ya tarehe. Walioiandika historia hii wamezoea kuisimulia kwa kuwafuata mashujaa wake, watu ambao ama hawakuogopa au walijua kuificha hofu yao. Yapo manufaa ya kuifuata kwa upande wa pili, yaani upande wa mtu aogopaye kimo anayesimama ukingoni kwa mara ya kwanza, kwa sababu kila jamii iliyoupokea mruko huu ililazimika kubuni njia ya kumvusha mtu huyo, na njia zenyewe hazifanani hata kidogo.

Kisiwa cha Pentecost kimo katika nchi ya Vanuatu, ambayo kabla ya kupata uhuru tarehe 30 Julai 1980 iliitwa New Hebrides na ilitawaliwa kwa pamoja na Uingereza na Ufaransa, mpango wa ajabu wa kikoloni ulioipa nchi moja ndogo polisi wa aina mbili, shule za aina mbili na hata magereza ya aina mbili. Kusini mwa kisiwa hicho wanaishi watu wasemao lugha ya Sa, ambao kila mwaka baina ya Aprili na Juni, wakati viazi vikuu vya kwanza vinapovunwa, hujenga mnara wa miti na kujitupa kutoka juu yake wakiwa wamefungwa mitambaazi ya mwituni kwenye vifundo vya miguu. Wao huiita desturi hiyo gol, na wageni wengi wameizoea kwa jina la naghol. Msimu huo haukuchaguliwa ovyo, maana mitambaazi, ambayo ni mimea mirefu inayopanda miti mingine msituni, huwa na utomvu wa kutosha katika miezi hiyo, na utomvu ndio unaoipa ule unyumbufu mdogo, yaani uwezo wa kuvutika pasipo kukatika, ambao uhai wa mrukaji huutegemea.

Hekaya inayosimuliwa zaidi humtaja mwanamume aitwaye Tamalie, ambaye mkewe, akiwa amechoshwa naye, alimtoroka na kupanda juu ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Mume alipomfuata huko juu, mke alijifunga mitambaazi miguuni bila kuonekana, akaruka, na mume aliyejirusha nyuma yake pasipo kamba akafa. Wanaume wa kijiji, kwa mujibu wa hekaya hiyo, walianza kujizoeza kuruka ili wasidanganywe tena, na ndiyo maana hadi leo wanawake hawaruhusiwi kuukaribia mnara unapojengwa, ingawa siku ya mruko wao ndio wanaocheza na kuimba pamoja na wanaume chini yake. Msomaji anaweza kuiona hekaya hii kuwa ni mzaha wa wanaume juu ya ujinga wao wenyewe, na pengine ndivyo ilivyo. Hata hivyo ina jambo moja lenye uzito kwa mada hii, nalo ni kwamba mrukaji wa kwanza kabisa aliruka kwa kukimbia, na alipona kwa kuwa alikuwa amejiandaa.

Mnara hujengwa upya kila mwaka kwenye mteremko, mti mmoja uliopunguzwa matawi ukiwa nguzo ya kati na miti mingine mingi ikifungwa kuuzunguka kwa mitambaazi, bila msumari hata mmoja, mpaka ufikie kimo cha mita 20 hadi 30. Sehemu zake hupewa majina ya viungo vya mwili wa mwanadamu, kuanzia miguu hadi kichwa. Upande unaotazama bondeni hutokezwa majukwaa membamba katika vimo mbalimbali, kila mrukaji akiwa na jukwaa lake na jozi yake ya mitambaazi, ambayo mzee mwenye ujuzi huichagua na kuipima kwa kuangalia uzito wa mtu na kimo cha jukwaa, pasipo hesabu ya maandishi. Mitambaazi hukatwa siku chache tu kabla ya mruko ili isikauke, na ncha zake hupondwa zikawa nyuzinyuzi laini zinazoweza kuviringwa vifundoni. Ufundi ulio mkubwa zaidi, ambao watazamaji wengi hawautambui mara moja, umo katika jukwaa lenyewe, kwani vijiti vinavyolishikilia vimekusudiwa kuvunjika pindi mtambaazi unapokaza, hivyo jukwaa huinama kwa kishindo na kumeza sehemu ya mshtuko ambao vinginevyo ungeishia kwenye nyonga na uti wa mgongo wa mrukaji. Ardhi ya chini huchimbuliwa na kuondolewa mawe, maana mruko uliotimia ni ule ambao mabega au nywele za mrukaji hugusa udongo, mguso unaosadikiwa kuirutubisha ardhi kwa ajili ya viazi vikuu vya mwaka unaofuata.

Wageni walioitazama desturi hii kwa siku moja, wakaona mtu akisimama mita 25 juu na kujitupa kichwa chini, wameielezea kama mtihani wa ghafla wa ujasiri, na hapo ndipo walipokosea. Mvulana wa Pentecost huruhusiwa kuruka baada ya kutahiriwa, jambo ambalo huko hufanyika akiwa na umri wa miaka saba au minane, lakini haruki kutoka kileleni. Huanzia jukwaa la chini kabisa, ambalo liko mita chache tu kutoka ardhini, na hupanda kidogo kidogo kadiri umri na uzoefu wake unavyoongezeka. Kabla ya hapo amekwisha kuwaona kaka na wajomba zake wakiruka miaka yote ya utoto wake, na anapokuwa kijana hushiriki kubeba miti, kufunga mitambaazi na kutembea juu ya mnara unaoyumba ungali haujakamilika, kazi ambayo yenyewe ni mazoezi ya kukizoea kimo. Hata siku ya tamasha utaratibu ni huohuo, kwa kuwa miruko huanzia majukwaa ya chini, ya wadogo, na kumalizikia kileleni. Mvulana anaporuka kwa mara ya kwanza, mama yake hushika kitu alichokipenda mwanawe utotoni, kwa mfano kipande cha nguo, na baada ya mruko hukitupa, kwa sababu mwenye kukihitaji hayupo tena. Naye mtu mzima aliyefika juu hapewi amri ya kuruka wala hahesabiwi. Husimama, huweza kusema mbele ya watu wote yaliyo moyoni mwake, yakiwemo malalamiko ya nyumbani ambayo siku nyingine yangemletea ugomvi, na huondoka jukwaani kwa wakati wake mwenyewe.

Utaratibu huo ulivurugwa kwa namna mbili katika karne ya 20. Wamisionari waliuona mruko kuwa ni ushenzi na waliufifisha katika vijiji vilivyoingia Ukristo, hivyo ukabaki zaidi katika vijiji vilivyoshikilia mila, mashuhuri kati yavyo kikiwa Bunlap. Baadaye serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na haja na mila hiyo kwa miaka mingi, iliihitaji ghafla: Malkia Elizabeth wa Pili alipozuru New Hebrides mwezi Februari 1974, maofisa walitaka aonyeshwe mruko, na mnara ukajengwa nje ya msimu, wakati mitambaazi haikuwa na hali inayofaa. Mitambaazi ya mrukaji mmoja ilikatika mbele ya mgeni huyo, naye akafariki kutokana na majeraha. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama ajali, neno ambalo linawapunguzia lawama waliolipanga, kwani kila mzee wa kusini mwa Pentecost angeweza kuwaambia kwamba ratiba ya ziara ya kifalme haina uwezo wa kupandisha utomvu katika mimea.

Wazo la kumwangusha mtu kwa kamba ya mpira, kwa upande wake, lilikwisha kuwajia watu wa viwandani muda mrefu kabla hawajaijua Pentecost. Wakati wa matayarisho ya maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893, waandaaji walipokea pendekezo la kujenga mnara wa takriban mita 1,200, ambao kutoka kileleni mwake behewa lenye abiria 200 lingesukumwa hewani likiwa limefungwa kwa kebo ya mpira bora, likaanguka na kurushwa juu tena na tena mpaka litulie; mbuni wake, kwa tahadhari, alishauri ardhi ya chini itandikwe manyoya ya kitanda. Pendekezo lilikataliwa, na maonyesho yakapata gurudumu kubwa la George Ferris, ambalo lilimpa mwananchi mwoga kimo bila anguko. Ilibidi zitokee picha za jarida la National Geographic katika miaka ya 1950, na filamu iliyopigwa na David Attenborough kwa ajili ya shirika la BBC na kuonyeshwa mwaka 1960, ndipo Waingereza walipojua kwamba visiwani kuna watu wanaoruka kweli.

Waliochukua hatua walikuwa vijana wa Klabu ya Michezo ya Hatari, kikundi kilichoanzishwa Oxford mwishoni mwa miaka ya 1970 na David Kirke na wenzake, ambacho kilipenda kuchanganya hatari na vichekesho vya tabaka la matajiri. Tarehe 1 Aprili 1979, siku ambayo Waingereza hutaniana kwa uongo, wanne kati yao waliruka kutoka Daraja la Clifton mjini Bristol, daraja la kuning'inia lililobuniwa na mhandisi Isambard Kingdom Brunel na kufunguliwa mwaka 1864, ambalo liko takriban mita 75 juu ya Mto Avon. Kirke alitangulia, akiwa amevaa suti rasmi na kofia ndefu na kushika chupa ya shampeni, na wote waliishia mikononi mwa polisi. Kamba walizotumia zilikuwa za nyuzi za mpira zilizovikwa ala ya nailoni, aina iliyokuwa ikitumika katika shughuli za ndege na za kijeshi, nazo zilifungwa kwenye mikanda ya mwilini. Mwaka huohuo waliruka kutoka Daraja la Golden Gate mjini San Francisco, na mwaka uliofuata kutoka daraja la korongo la Royal Gorge katika jimbo la Colorado, na picha zao zikasambaa katika televisheni.

Ni rahisi kuwapuuza vijana hao kama watani wenye fedha, lakini kwa historia ya woga walifanya jambo moja zito: waliondoa majukwaa ya chini. Mtu wa Oxford aliyetaka kuruka hakuwa na mita tatu, wala mita saba, wala mita kumi na mbili za kuanzia. Alikuwa na daraja zima au hakuwa na kitu. Badala ya miaka ya mazoea waliweka kejeli, suti na shampeni, na kwa watu wa malezi yao kejeli ilitosha, kwa kuwa katika shule walizosomea mtu alifundishwa mapema kwamba kuonekana ameogopa ni aibu kubwa kuliko kuumia. Njia hiyo ya kuishinda hofu haikuweza kuuzwa kwa umma, na wao hawakuwa na nia ya kuiuza.

Aliyeuza alikuwa A. J. Hackett, mtelezaji wa theluji na mjenzi kutoka Auckland, New Zealand, ambaye aliona picha za Klabu ya Michezo ya Hatari na, akishirikiana na Chris Sigglekow, akaanza kutafuta kamba inayoweza kutabirika. Hapo ndipo inapoingia tofauti ya kiufundi inayostahili kuelezwa. Mtambaazi huvutika kidogo sana, na kwa hiyo anguko la Pentecost humalizwa na mambo matatu kwa pamoja, yaani mtambaazi, jukwaa linalovunjika na udongo uliolainishwa. Kamba ya mpira, kinyume chake, huvutika mara kadhaa ya urefu wake na kuipokea nishati ya anguko polepole katika umbali mrefu, hivyo mwili hausimamishwi kwa mkupuo mmoja. Ili kamba hiyo iwe salama ni lazima ijulikane itavutika kiasi gani chini ya uzito gani, na kwa ajili hiyo watu hao wawili walitumia msaada wa wanasayansi wa idara ya utafiti ya serikali ya New Zealand, waliowasaidia kupata kanuni ya kihesabu inayohusisha uzito wa mrukaji, urefu wa kamba na wingi wa nyuzi zake. Kamba iliyotokana na kazi hiyo ni fungu la nyuzi nyingi za mpira wa asili, yaani mpira unaotengenezwa kwa utomvu wa mti, zilizofungwa pamoja bila ala. Utomvu, kwa hiyo, ulibaki kuwa msingi wa usalama hata baada ya mitambaazi kuachwa.

Mwaka 1986 Hackett aliruka kutoka daraja la Greenhithe mjini Auckland, na mwaka 1987 alikwenda Ufaransa, ambako kwanza aliruka mita 91 kutoka kwenye gari la waya katika kituo cha milimani cha Tignes, kisha akapanga jambo lililompa jina duniani. Alijificha usiku na wenzake kwenye Mnara wa Eiffel, na alfajiri ya tarehe 26 Juni 1987 aliruka karibu mita 110 kutoka ghorofa ya pili. Polisi walimkamata na kumwachia baada ya muda mfupi. Mwaka uliofuata, yeye na Henry van Asch walipata kibali cha siku 30 kutoka Idara ya Uhifadhi ya New Zealand cha kulitumia Daraja la Kawarau karibu na mji wa Queenstown, daraja la mwaka 1880 lililojengwa enzi za wachimba dhahabu, na mnamo Novemba 1988 walifungua biashara yao. Siku ya kwanza watu 28 walilipa dola 75 za nchi hiyo kila mmoja na kuruka mita 43 kuelekea maji ya mto. Hao 28 ndio wanaopaswa kuangaliwa kwa makini na mwanahistoria wa woga, kwa kuwa ni watu waliopanga foleni, hawakuwa na mila iliyowalea wala klabu iliyowasukuma, na wengi wa waliowafuata hawakuwahi kusimama ukingoni mwa kimo chochote kwa hiari.

Ili watu wa aina hiyo waweze kuruka, biashara ilitunga taratibu ambazo sasa zinafanana duniani kote. Mtu hupimwa uzito, na namba yake huandikwa kwa kalamu ya wino mkononi mwake ili yeyote wa kikosi aione. Hutia saini karatasi ya kukubali hatari. Vifundo vyake huzungushiwa taulo na mkanda. Kisha hupelekwa hatua fupifupi hadi ukingoni, akiambiwa atazame mbele na asitazame chini, na msimamizi huanza kuhesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka tano. Hesabu hiyo ni uvumbuzi mdogo wenye nguvu kubwa. Mvulana wa Pentecost hakuihitaji kwa sababu uamuzi wake ulikwisha kufanyika kwa miaka, jukwaa baada ya jukwaa, ilhali mteja wa darajani amepewa dakika chache kufanya uamuzi uleule, na kuhesabu kwa sauti humwondolea sehemu ya uamuzi huo na kumkabidhi mtu mwingine. Fedha nayo hufanya kazi yake, kwa vile vituo vingi havimrejeshei ada aliyerudi nyuma, wala kamera inayomrekodi haikuwekwa kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Tofauti iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya imani: mrukaji wa Pentecost anaujua mnara kwa mikono yake, kwa kuwa ameshiriki kuujenga, ilhali mteja anawaamini watu aliokutana nao saa moja iliyopita na hesabu asizoziona.

Katika Afrika mchezo huu ulishika kwanza penye madaraja ya kikoloni na ya barabara kuu. Daraja la Maporomoko ya Victoria, lililofunguliwa mwaka 1905 kwa ajili ya reli kati ya nchi ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe, lilianza kutumika kwa miruko ya mita 111 katika miaka ya 1990, na daraja la Bloukrans nchini Afrika Kusini, lenye kimo cha mita 216 juu ya korongo, lilifuata mwaka 1997. Kwa wasomaji wa Kiswahili vituo vilivyo karibu zaidi vimekuwa Jinja nchini Uganda, ambako mruko wa mita 44 ulielekezwa kwenye Mto Nile, na Sagana nchini Kenya, kwenye Mto Tana. Swali la imani lilijitokeza kwa ukali kwenye Mto Zambezi tarehe 31 Desemba 2011, wakati kamba ya mgeni mmoja kutoka Australia ilipokatika na kumwacha ameanguka mtoni miguu ikiwa bado imefungwa. Alijikokota hadi ukingoni, akapona. Siku chache baadaye waziri wa Zambia aliyehusika na utalii alikwenda kwenye daraja hilohilo na kuruka mwenyewe ili kuonyesha kwamba ni salama. Kisayansi mruko mmoja hauthibitishi kitu, na waziri bila shaka alilijua hilo. Lakini alielewa pia kwamba mteja mwoga haridhiki na takwimu, hutaka kuona mwili wa mtu mwenye dhamana ukitangulia.

Woga wenyewe una historia yake ya kitaalamu. Hofu ya kimo iliyopita kiasi, ile inayomfanya mtu aepuke roshani, ngazi na madaraja, wataalamu huiita akrofobia, lakini kiasi fulani cha hofu hiyo wanacho karibu watu wote, na hakitokani na udhaifu wa tabia. Mwaka 1960 wanasaikolojia Eleanor Gibson na Richard Walk wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watoto wachanga 36 wenye umri wa miezi 6 hadi 14 waliwekwa juu ya meza ya kioo iliyoonekana kama ina shimo upande mmoja, na wengi wao walikataa kutambaa kupita upande huo hata mama zao walipowaita. Mwili pia una sababu zake za kulalamika. Mtu aliyesimama hujiweka sawa kwa kutumia macho, sikio la ndani na hisia za nyayo, na macho hutegemea vitu vilivyo karibu. Juu ya daraja vitu vya karibu hutoweka, macho hukosa cha kushika, mwili huyumba kidogo zaidi, na ubongo huutafsiri myumbo huo kama dalili ya kuanguka. Mrukaji wa banji, ambaye vifundo vyake vimefungwa pamoja na vidole vya miguu vimetokeza nje ya ubao, amewekwa katika hali iliyo mbaya kuliko zote kwa mfumo huo, na ndiyo sababu jambo gumu kwake ni kusimama zaidi kuliko kuanguka.

Watafiti wameutumia mchezo huu kama maabara. Mwaka 1994 wanasayansi wa Ujerumani waliopima damu ya wanaume wasiowahi kuruka walikuta kwamba baada ya mruko kiwango cha beta-endofini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu na kuleta furaha, kilipanda sana, jambo linaloeleza ile hali ya kucheka na kulia kwa pamoja ambayo wasimamizi wa madaraja wanaijua bila kupima. Mwaka 2019 kikundi kutoka Tübingen kilichapisha rekodi za umeme wa ubongo wa warukaji wawili waliojitupa kutoka daraja la mita 192 karibu na Innsbruck, Austria, na kuonyesha kwamba ile ishara ya ubongo inayotangulia tendo la hiari, ambayo awali ilipimwa kwa watu wanaokunja vidole vyao maabara, hujitokeza vilevile sekunde chache kabla ya mtu kuuacha ukingo.

Matibabu ya hofu hiyo, kwa upande mwingine, yamefuata njia ambayo wazee wa Pentecost wangeitambua mara moja. Johann Wolfgang von Goethe, alipokuwa mwanafunzi Strasbourg mnamo 1770 na 1771, alijitibu kizunguzungu cha vimo kwa kupanda peke yake mara nyingi mnara wa kanisa kuu la mji huo na kusimama juu kwenye nafasi finyu mpaka hofu ikazoeleka. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Johannesburg, aliugeuza ujuzi wa aina hiyo kuwa mfumo katika kitabu chake cha mwaka 1958: mgonjwa huorodhesha mambo anayoyaogopa kuanzia dogo hadi kubwa, hufundishwa kuulegeza mwili, kisha huyapitia moja baada ya jingine, na hapandi hatua ya juu kabla ile ya chini haijapoteza makali yake. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake nchini Marekani walitumia kompyuta kuwaonyesha wanafunzi wenye akrofobia madaraja, roshani na lifti ya kioo inayopanda ghorofa kwa ghorofa, na hofu ya waliotibiwa ikapungua. Baadhi yao walianza kwenda wenyewe kwenye vimo vya kweli bila kuagizwa.

Kwa kipimo hicho, mtu aogopaye kimo anayefanya mruko wake wa kwanza kwenye daraja la watalii hatibiwi, hata kama baadaye anajisifu kwamba amepona. Amevuka kwa mkupuo mmoja, kwa msaada wa sauti inayohesabu na fedha isiyorudishwa, na si ajabu akaendelea kuogopa ngazi za nyumbani kwake. Vituo vya New Zealand vimejaribu kumpa namna fulani ya kuchagua, kwa kuwa Queenstown leo kuna Kawarau ya mita 43, jukwaa la mita 47 lililo kwenye mlima juu ya mji, na mruko wa mita 134 katika bonde la Nevis uliofunguliwa mwaka 1999, na mteja anaweza kuanza na ule mfupi na kurudi siku nyingine kwa ule mrefu. Ngazi hiyo, hata hivyo, huanzia mita 13 juu ya mahali ambapo mnara mrefu wa Pentecost umekwisha kufika kileleni.